Mwaka Niliojifunza Kupiga Misumari

Habari ya kifo cha Leokadia niliipata kwa kijana mmoja mnunuzi wa kahawa, ambaye hupita kunisalimia kila akitoka Karagwe. Aliisema katikati ya habari nyingine, baada ya bei ya kahawa na kabla ya habari za mvua. "Halafu bibi, yule mama wa Kamuli uliyekuwa ukiniuliza habari zake wamemzika Jumanne." Nikamshukuru, nikaingia jikoni, na nilipofika jikoni nikasahau nilichokuwa nimefuata. Jumapili wanangu waliponiona nimefunga kitambaa cheusi wakauliza marehemu alikuwa nani kwetu, ndugu au rafiki. Ndugu hakuwa. Na rafiki, sijui. Tuliishi jirani kwa muda unaozidi kidogo mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya mwaka huo hakunisalimia. Wakacheka, wakadhani uzee umenichanganya. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi Kamuli kwa mawazo kila nikikaa peke yangu, na siku hizi nakaa peke yangu sana.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini, nimeolewa miezi michache tu, pale mume wangu, Felisiani, alipopangiwa kazi ya bwana shamba huko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulitoka upande wa Muleba juu ya lori la mfanyabiashara wa kahawa, mimi nimekumbatia kapu la sahani zangu za harusi, sahani za kauri zenye maua ya buluu ukingoni, nikizikinga na mashimo ya barabara kama mtu anayebeba mtoto. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na vyumba viwili na stoo. Kuta zilikuwa za udongo uliopakwa chokaa, juu bati, chini udongo uliopigwa ukashikana. Ndani mlikuwa na kitanda cha chuma, basi. Tuliambiwa meza, viti na kabati vitafuata kutoka Bukoba. Havikufuata. Nguo tulizitundika kwenye misumari, sufuria zikakaa sakafuni, na sahani zangu nikazipanga chini juu ya gazeti, nikizifuta vumbi kila asubuhi ingawa hapakuwa na mgeni wa kuzilia. Nilipoita kutoka chumba cha pili sauti yangu ilinirudia. Wiki ya kwanza Felisiani alicheka, akasema nyumba yetu ina watu wengine ndani. Wiki ya pili akapanda baiskeli kwenda Rugu, kisha Bugomora, na kuanzia hapo alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Angeweza kukaa huko wiki mbili. Nyumba ile ikabaki na mimi na hao watu wengine.

Lazima niseme kazi ya Felisiani ilikuwa nini, maana ndiyo iliyonifungia milango. Serikali ilikuwa imetoa amri kuhusu kahawa na migomba: tandaza nyasi hivi, kata hivi, ng'oa mgomba wenye wadudu, nyunyizia dawa. Yeye ndiye aliyetembea na amri hizo. Mtu anayetunza mgomba ambao babake aliupanda hafurahi kijana wa suruali fupi akija na kusema ung'olewe. Wengine walipelekwa barazani kwa mkungu, yaani mkuu wa kijiji, wakatozwa faini. Sikuyajua hayo siku niliposhuka kutoka lorini. Niliyajua kisimani. Nilipofika pale na mtungi wangu wanawake walinyamaza, wakanipisha nichote, halafu nilipogeuka wakaendelea kwa Kinyambo, lugha yao, wakidhani sisikii kwa sababu nilikuwa nimewasalimia kwa Kiswahili cha shule. Lakini Kinyambo na Kihaya chetu ni watoto wa mama mmoja. Nilisikia kila neno.

"Jicho la serikali limekuja kuteka maji," alisema mmoja, mwanamke mrefu mwenye pengo dogo katikati ya meno ya mbele. Huyo ndiye Leokadia. "Chungeni midomo. Akifika nyumbani anamhesabia mumewe migomba yetu."

Wenzake wakacheka. Ningeweza kugeuka nikajibu kwa Kihaya, wakaona haya, pengine tukacheka pamoja na mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Sikugeuka. Nilikuwa kijana, nilikuwa na kiburi cha aibu, kile kinachomfanya mtu aliyeumizwa atembee wima zaidi. Nikapanda kilima na mtungi wangu, na kwa kuwa sikujibu siku ya kwanza, sikuweza tena kujibu siku ya pili wala ya kumi. Nikawa mtu anayesikia yote na kudhaniwa kiziwi. Kwetu mgeni akiingia nyumbani, kabla hujamuuliza habari, unamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kamuli nilipita nyumba baada ya nyumba, nikasalimia, nikaitikiwa vizuri tu, na hakuna aliyesimama kwenda kuleta kikapu. Nilikula peke yangu, ndizi na maharage, ndizi na nshoro, zile mboga chungu ambazo mama yangu alizipika siku za mvua. Nilipika kidogo, na bado kilibaki.

Kilichonianzisha useremala ni siafu. Asubuhi moja niliwakuta wamepita juu ya sahani zangu kama barabara yao, nikaona haifai, vyombo lazima vipande juu. Stooni mlikuwa na masanduku ya mbao ambamo pampu za dawa za kahawa zililetwa, matupu, yamerundikwa hadi kwenye boriti. Felisiani alikuwa na nyundo ya serikali na kopo la misumari. Nikalivunja sanduku moja, nikachagua mbao mbili zilizonyooka, nikazipigilia ukutani, nikapanga sahani zangu juu yake. Nikarudi nyuma kutazama. Ilikuwa nzuri! Nilikaa chini kwenye mkeka nikaiangalia rafu ile kama mtu anavyoangalia picha. Mchana, nikiwa uani namenya ndizi, nilisikia ndani kishindo. Ukuta wa udongo haushiki msumari, na mimi nilikuwa sijui. Mbao zilikuwa zimeng'oka na donge la ukuta, na sahani zangu zote, zote isipokuwa moja, vipande sakafuni, maua ya buluu huku na huku.

Nililia siku ile mpaka nikaishiwa. Sikuzililia sahani tu. Halafu nikaokota vipande, nikazika nyuma ya nyumba, nikarudi kuzitazama mbao. Zilikuwa zimepasuka mwishoni, pale nilipopigilia misumari. Nikajiuliza kwa nini zipasuke pale na siyo kwingine. Ndilo swali la kwanza lililonipitia kichwani tangu nifike Kamuli ambalo halikuhusu lini nitarudi kwetu.

Nikaanza upya. Safari hii niliacha ukuta, nikataka rafu isimame kwa miguu yake. Nilikata fito za mkaratusi, mbichi, nikagonga siku nzima, na siku ya pili, na kila msumari uliopinda niliunyoosha juu ya jiwe. Siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti uani na nyundo mkononi, nikasikia mtu amesimama kwenye njia ya migombani, upande ambao watu hawakuzoea kuja. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, amejifunga shuka la maombolezo.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikainuka haraka.

"Marahaba. Endelea." Akaja karibu, akaniangalia, akaiangalia kazi yangu. "Tangu mzee wangu afariki huku hakujapigwa nyundo. Nikasema, nani anapiga? Tena anapiga vibaya hivi. Unaupiga msumari, binti, kama unaua nyoka."

Sikumbuki kama nilicheka au nililia. Nakumbuka kwamba alichukua nyundo mkononi mwangu bila kuomba, akachuchumaa, akasimamisha msumari kichwa chini juu ya jiwe na kuigonga ncha yake taratibu mpaka ikawa butu. "Msumari mkali unaipasua mbao. Ukiwa butu unaipenya tu. Na usipige mwishoni kabisa. Sogea ndani, upana wa vidole viwili." Kisha akautikisa mguu wa rafu yangu, akaguna. "Huu mkaratusi umeukata lini?"

"Juzi."

"Mti mbichi ni mwongo. Leo unakubali kila kitu, ukikauka unabadilika. Rafu yako itacheza kama mlevi."

Huyo alikuwa Mama Kemilembe. Mume wake, Mlutheri, alikuwa seremala pekee wa upande ule, na alikuwa amefariki miezi michache kabla hatujafika. Binti yao mmoja, Kemilembe, ameolewa ng'ambo ya mto Kagera, Uganda. Mtoto wa kiume hakuwepo. Miaka yote ya ndoa yake yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya ubao mume alipopasua, ndiye aliyepaka nta, ndiye aliyepiga msasa, na mteja alipokuja aliingia jikoni, kwa sababu kazi ya mbao ni ya wanaume na milango ya watu haitengenezwi na mwanamke. Haya alinieleza kidogo kidogo, bila manung'uniko. Alikuja kwangu kwa njia ya migombani tu, kamwe hakuja kwa barabara. "Wakiniona nikiingia kwa bwana shamba watasema nimepeleka majina," alisema. Kwa hiyo hata rafiki niliyempata alikuwa wa kujificha.

Nikimkumbuka sasa, namwona nyumbani kwake, chumba chenye giza zuri, kinachonuka moshi na vumbi la mbao. Ukutani, vimefungwa kwenye kipande cha gome la mti, nguo ile ya kizamani, vilining'inia vyombo vya marehemu: misumeno miwili, randa, patasi, keekee ya kutobolea. Alivifungua kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Alinifundisha kuvuta msumeno bila kuukandamiza, nikiuacha ule wenyewe. Alinifundisha kupapasa mbao kwa kiganja ili nijue randa inapaswa kwenda upande upi, maana mbao ina manyoya kama ng'ombe na ukiisugua kinyume inasimama. Tulitafuta majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, tukasugulia nayo. Siku moja niliharibu gauni langu la kanisani kwa utomvu wa mgomba, na sote tunajua doa hilo halitoki hata ufue kwa majivu. Nikamwonyesha nikiwa na huzuni. Akaenda akakata kipande cha mgomba, akakipaka juu ya ubao mweupe wa sanduku. Ubao ukageuka kahawia mbele ya macho yangu, kahawia ya kina, kama mbao ya zamani. "Kinachoharibu gauni kinapamba kiti," akasema. Juu yake, ulipokauka, tukapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, tukasugua kwa kitambaa hadi mkono ukauma. Siku hizi mafundi wanapaka vanishi ya kopo, inang'aa siku hiyo hiyo. Siikatai. Lakini haikupi mtu wa kusugua naye mchana mzima.

Tulitengeneza rafu iliyosimama. Tukatengeneza kigoda cha miguu mitatu, kwa sababu, alisema, miguu mitatu haiyumbi hata sakafu iwe mbaya, na anayeanza aanze na kisichoyumba. Kisha nikataka benchi. Aliniuliza la nini, nami nikasema la wageni. Alijua vizuri kuwa wageni sina. Hata hivyo akaenda kuchagua mbao za musambya ambazo mumewe alizianika darini, akanipa. Lilipokwisha lilikuwa benchi la watu wawili, la kahawia, laini. Nikamwambia akae. Akakataa, kwani kwao, kama kwetu, mwanamke hukaa chini na kiti ni cha mwenye mji. Akakaa mkekani, akaliegemea kwa mgongo, nami nikakaa upande wake, tukala ndizi za kuchoma, benchi likiwa tupu nyuma yetu.

Felisiani alirudi siku ya mvua, amelowa, akalikuta. Alifurahi. Akalizunguka, akalipapasa, akauliza nimelinunua kwa nani. Nilipomwambia akasema, "Usiwaambie watu." Hakusema kwa ukali. Felisiani hakuwa mkali, hata wakati wa uzee wake hakuwa. Lakini wiki hiyo mkungu alikuja kumtembelea, akakaa juu ya benchi lile, na mimi nikiwa jikoni nikipakua nilisikia sauti ya mkungu ikilisifu, na sauti ya mume wangu ikijibu, "Nimeliagiza Bukoba, kwa fundi wa Kihindi." Nilisimama na bakuli la maharage mkononi mpaka likaanza kuniunguza. Kisha nikalipeleka sebuleni, nikapiga goti, nikawakaribisha chakula. Mkungu akasema Bukoba wana mafundi, bwana. Nikasema kwa heshima, ndiyo, waitu, wanao.

Msimu wa kahawa ulipokwisha, ndugu za marehemu walikuja kugawa mali. Mama Kemilembe alinijulisha mapema. Aliuliza kama mume wangu angeweza kumwambia mkungu neno, siyo kuhusu shamba, shamba alijua litakwenda, ila vyombo. "Wao hawavijui. Watavipeleka wapi?" Nilimwomba Felisiani jioni hiyo. Akasema mambo ya ukoo si ya bwana shamba, na tayari watu wanamchukia kwa migomba, hawezi kuongeza misumeno. Labda alikuwa na haki. Shemeji yake Mama Kemilembe, Sospeteri, akavibeba vyote mchana kweupe, vimefungwa katika gome lile lile. Nilikwenda kwa Mama Kemilembe nikidhani nitamkuta analia. Alikuwa anafagia vumbi la mbao pale vilipokuwa, ameliweka kwenye ungo, hajui alitupe au alihifadhi.

"Wamechukua vyuma," aliniambia. "Wakivipenda, watajifunza."

Shamba likapewa Sospeteri. Akamwambia anaweza kubaki kama atakubali kuwa chini yake, na alichomaanisha kilieleweka. Mama Kemilembe akachagua kwenda kwa binti yake, ng'ambo ya mto. Aliondoka alfajiri kwa njia ya migombani, akiwa na mzigo mmoja kichwani. Nilimsindikiza hadi pale njia inapoingia barabarani, na hapo akanizuia, kwa faida yangu, ili nisionekane. Sikumwona tena. Baada ya miaka nilisikia alifariki huko huko, amezeeka, na kwamba wajukuu zake wa kiume ni maseremala.

Miezi iliyofuata ndiyo ile ninayoikumbuka vibaya. Nilikuwa na mimba, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote ila Felisiani, na Felisiani alikuwa Bugomora. Mvua ilipiga bati mchana kutwa, mpaka unashindwa hata kusikia mawazo yako. Nilikuwa na nyundo na panga tu. Nikatengeneza vitu visivyohitajika: kigoda cha pili, kijisanduku cha chumvi, ngazi fupi isiyokwenda popote. Nilipiga nyundo ili pawe na sauti. Sikujua kwamba mteremkoni watu walikuwa wakiisikia.

Asubuhi moja mvua ilipokatika, mama mkwe wa Leokadia alisimama uani kwangu. Alikuja kwa barabara. Alikuwa bibi wa heshima, na alianza kwa Kiswahili kilichokatikakatika, akakwama, akageukia Kinyambo kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Mtoto wa Leokadia amefariki alfajiri. Hakuwa amemaliza mwezi, lakini katekista alikuwa amembatiza. Baba yake yuko Uganda kwa kazi. Leokadia anakataa azikwe ndani ya mkeka. Anataka sanduku, kama Mkristo. Seremala hayupo. Vyombo vyake, walisema, Sospeteri ameshaviuza. "Na huyu hata hanielewi," akamalizia, akitazama chini.

"Nakuelewa, mama," nikajibu kwa Kihaya. "Poleni na msiba."

Akainua uso. "Unaelewa?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akaweka mkono mdomoni. Nadhani alikuwa anapitia moyoni mwake maneno yote ya kisimani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi utatusaidia, au hutatusaidia?"

Kulikuwa na jambo ambalo hakulijua. Kwetu mjamzito hagusi kitu cha maiti. Hapiti hata karibu na kaburi wazi, akiweza kuepuka. Mama mkwe wangu mwenyewe alinionya siku tuliyoondoka Muleba, akinishika kiuno: ukipata mimba, misiba iache ipite. Nilisimama pale nikihesabu nani mwingine angeweza kuifanya kazi ile kabla ya jua kuteremka, na hakuwepo. Nikamuuliza urefu wa mtoto. Akanionyesha kwa mikono yake miwili, na mikono yake haikutulia, ikabidi niishike ndipo nipate kipimo.

Nilivunja sanduku la pampu lililokuwa safi kuliko yote. Nilitia ubutu kila msumari. Mbao zilikuwa na maandishi meusi ya kiwandani, nikayageuzia ndani, kisha nikafikiri mtoto atalala akiwa anatazamana na maandishi hayo, nikazigeuza tena, nikayasugua kwa msasa hadi yakafifia, nikayamaliza kwa utomvu wa mgomba. Mikono yangu ikawa myeusi. Nta sikuwa nayo ya kutosha, nikapaka kifuniko tu. Mtoto tumboni, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa namsikia kama kipepeo, alicheza kwa nguvu nilipopigilia msumari wa mwisho, nami nikaogopa hata nikaketi chini. Nikamwambia kwa sauti, "Si lako. Hili si lako." Nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisikia nikizungumza hivyo.

Nililibeba mwenyewe hadi kwao. Watu walikuwa wengi, wakapisha. Leokadia alikuwa amekaa kwenye nyasi zilizotandikwa, miguu ameinyoosha, macho makavu. Akalipokea lile sanduku mapajani, akapitisha kiganja chake ubavuni, polepole, upande mmoja hadi mwingine, akitafuta mwiba wa mbao. Hakuupata. Kisha akaniangalia mikono, akaniangalia usoni, halafu tumboni, pale nguo yangu ilipoganda kwa jasho. Mwanamke aliyezaa haondokewi na macho hayo.

"Wewe una mimba," alisema.

"Ndiyo."

"Na umefanya hivi?"

"Hakukuwa na mwingine."

Hakunishukuru. Alisogea kidogo pale nyasini, mwanamke aliyekuwa upande wake naye akasogea, pakawa na nafasi ya mtu mmoja, nikakaa.

Felisiani aliporudi alikuwa ameshasikia njiani. Aliingia amekasirika, na nyuma ya hasira niliiona hofu. Alizungumza juu ya mama yake, juu ya mtoto, akauliza kama nina akili. Nilimwacha amalize. Akakaa juu ya benchi, akashika kichwa, akakaa hivyo hadi chai yake ikapoa. Jumapili, nje ya kanisa, mkungu na wazee walimjia kumshukuru kwa msaada wa sanduku, wakidhani yeye ndiye aliyelitoa. Nilikuwa hatua chache nyuma yake. "Mimi nilikuwa Bugomora," alisema. "Ni mke wangu aliyelitengeneza." Kisha akaongeza, "Na benchi lile ulilolikalia nyumbani, mzee, ni yeye." Mkungu alicheka sana, akidhani ni utani. Felisiani hakucheka. Kurudi nyumbani aliisukuma baiskeli kwa mkono na kutembea kando yangu njia nzima.

Sitaki mtu afikiri kwamba baada ya hapo Kamuli ilinifungulia milango. Amri za migomba ziliendelea na chuki iliendelea. Kisimani walinisalimia, wakaongea mbele yangu, lakini waliongea mambo madogo, na upweke wangu ulibaki pale pale ulipokuwa, umepungua ukali tu. Leokadia hakuwahi kuja kuzungumza nami nyumbani. Mwaka uliofuata tulihamishiwa kwingine, kisha kwingine tena, na sikurudi. Sikumwandikia, hakuniandikia, hakuna kati yetu aliyejua angeandika nini. Kwa hiyo wanangu wanapouliza alikuwa nani kwetu, jibu nililonalo ni asubuhi moja tu.

Uchungu ulinishika Felisiani akiwa safarini, majira ya senene, wale panzi wanaoliwa, watu wote wakiwa nje wanakimbizana nao kwenye majani. Nilitoka hadi mlangoni nikaita, nikidhani hakuna atakayesikia kwa kelele zile. Waliokuja ni Leokadia na mama mkwe wake. Mmoja aliwasha moto, mwingine akanishika mgongo. Mtoto alizaliwa jua linachomoza, msichana, akakawia kulia, nami nikakumbuka sanduku, kisha akalia. Leokadia alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akampaka siagi, akamfunga kitambaa. Akasimama naye dirishani, ametugeuzia mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilisikia anamwambia kitu kwa Kinyambo, taratibu mno, na hilo ndilo neno pekee la Kamuli ambalo sikulisikia.

"Mpe mama yake sasa," mama mkwe wake akamwambia.

Leokadia hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Bibi yule akataka kuinuka amchukue mtoto.

"Mwache, mama," nikasema. "Bado sina haraka."

Nikalala ubavu, nikafumba macho, nikawaacha.